Programu imejengeka, lakini kurasa za mwongozo hazionekani: pa kutazama

Hapa Langoni, Lamu, ninafundisha vijana kwenye kompyuta za pamoja ambazo hawana nenosiri la msimamizi, kwa hiyo kila programu wanayoijenga kutoka msimbo chanzo huwekwa ndani ya saraka zao za nyumbani. Programu yenyewe hufanya kazi, ila ukiandika `man zana` (`man` ni amri ya kufungua kurasa za mwongozo, na programu tuiite zana) unajibiwa kwamba ukurasa haupo. Na bando likiwa limekwisha, hakuna pengine pa kuuliza. Usikimbilie kusakinisha upya.

Hatua ya 1. Hakikisha kwamba nyaraka zilijengwa. Mara nyingi `configure`, hati inayoandaa ujenzi, ikikosa `makeinfo` au Sphinx, vifaa vya kutengenezea nyaraka, haisimami, bali huziruka nyaraka kimyakimya na kuendelea na mengine, nawe huoni dosari yoyote. Fungua `config.log`, kumbukumbu ya ukaguzi wa `configure`, utafute majina hayo. Jibu likiwa `no`, mwombe msimamizi aweke kifaa kinachokosekana, kisha uendeshe `configure` tena.

Hatua ya 2. Tazama faili zinapelekwa wapi (`man1` ni saraka ya kurasa za amri):

`make -n install | grep man1`

Kwa `-n`, amri huchapishwa tu bila kutekelezwa. Mstari ukiishia na `.local/man/man1`, bila `share` katikati, huenda `configure` hiyo ilitengenezwa kwa Autoconf (kifaa kinachozalisha hati za `configure`) ya kabla ya toleo 2.60 la mwaka 2006, ambapo kurasa ziliwekwa `man` moja kwa moja chini ya `--prefix`, yaani saraka kuu ya kusakinishia. Tangu hapo huwekwa `share/man`. Vifurushi vya zamani namna hiyo bado ni vingi kuliko mtu anavyodhani.

Hatua ya 3. Andika `manpath` uone `man` inatafuta wapi. Kwenye Debian na Ubuntu, `man` hukisia kutokana na PATH, orodha ya saraka ambamo mfumo hutafuta programu: `~/.local/bin` ikiwamo, `~/.local/share/man` nayo hutafutwa. Ikiwa saraka hiyo ya `bin` ndiyo kwanza imeundwa, toka kwenye akaunti yako kisha uingie tena, kwa kuwa `.profile` huiongeza wakati wa kuingia. Lakini MANPATH, orodha ya saraka za mwongozo unayoiweka mwenyewe, ikiwa imewekwa, makisio yote hayo hutupwa, isipokuwa uache nukta pacha mwishoni:

`export MANPATH="$HOME/.local/share/man:"`

Nukta pacha hiyo ndiyo inayorudisha njia za kawaida za mfumo. Ukiisahau, hata `man ls` haitafunguka.

Hatua ya 4. Kama kosa ni mahali pa kusakinisha, anza na `make uninstall` kabla ya kugusa `configure`, kwa sababu Makefile mpya (faili ya maagizo ya `make` inayoandikwa na `configure`) haijui faili za awali zilikowekwa. Kisha:

`make clean`
`./configure --prefix="$HOME/.local" --mandir="$HOME/.local/share/man"`
`make && make install`

Pima kwa `man -w zana`, inayoonyesha njia ya faili bila kuifungua. Ikikuonyesha `/usr/share/man`, unasoma mwongozo wa nakala iliyokuja na mfumo, ambayo huenda si ya toleo ulilolijenga.