Kuomba masta ya fasihi ya Kifaransa nchini Ufaransa

Masta huchukua miaka 2, krediti 120, na tasnifu ndiyo uti wa mgongo. Kwa hiyo tafuta mada kabla ya kugusa fomu. "Fasihi ya Afrika" ni bahari. "Msimulizi mtoto katika riwaya mbili za Kongo" ni mada ambayo msimamizi anaweza kuipima.

Kwa cheti cha lugha, lenga DALF C1, mtihani wa Kifaransa wa ngazi ya juu: kufaulu ni alama 50 kwa 100, bila kushuka chini ya 5 kati ya 25 katika sehemu yoyote. Kwenye kuandika, ogopa ile sintesi, yaani muhtasari mmoja unaounganisha matini kadhaa, wa maneno kama 220. Mtahiniwa hunakili sentensi nzima au hupenyeza maoni yake, alama zinapukutika. Toa hoja za waandishi tu, kwa maneno yako. Maoni yangoje insha inayofuata.