Kabla ya Kuandika Neno "Wakfu" Katika Hati

Mtu wa Lamu anayetaka kuwakifu nyumba au shamba huenda kwa mwandishi wa hati akiwa na nia njema na neno moja, na mara nyingi neno hilo hajalielewa barabara. Na aanze nalo. Wakfu latokana na kitenzi cha Kiarabu "waqafa", yaani kusimama au kusimamisha, na aliyepita madrasa amekutana nalo kabla hajajua kuwa kuna sheria, kwani vialama vinavyomwonyesha msomaji wa Kurani pa kukata pumzi ni alama za wakfu. Ni neno lile lile. Mali iliyowakifiwa imesimama, haiendi tena mkono huu na mkono ule. Kinachotembea ni faida yake.

Kanuni yenyewe hurejeshwa kwa Umar bin Khattab, ambaye alipopata ardhi Khaybar alimwuliza Mtume aifanyeje, akaambiwa kwamba akipenda aizuie asili yake na mazao yake ayatoe sadaka. Tangu hapo ikawa haiuzwi, haitolewi hiba (zawadi), wala hairithiwi. Chukua vitenzi hivyo vitatu uipime nia yako. Ikiwa unataka mwanao aweze kuuza siku akipata shida, basi unachotaka ni hiba au urithi, si wakfu.

Ukisharidhika, angalia tamko. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi pwani hii, aliyesema "nimeiwakifu nyumba hii" amefunga, hana nafasi ya kujirudi. Kwa hiyo epuka "natoa" au "nawapa", maneno yanayoweza kusomwa kama hiba, na usiandike "nikifa", kwa sababu hapo umeingia katika wasia, ambao hauvuki theluthi ya mali bila ridhaa ya warithi. (Wakristo nao husema kuweka wakfu kanisa au askofu; hiyo ni maana ya kutakasa, na haina uhusiano na hati hii.)

Kisha bainisha mali. Nyumba za mawe za Mkomani, mtaa wa mji wa Lamu, hutegemeana kuta, na pwani mwenye minazi anaweza asiwe mwenye ardhi, hivyo "shamba langu" pekee halitoshi: andika kama ni ardhi, ni miti, au ni vyote viwili, na utaje mipaka upande kwa upande.

Panapohitaji uangalifu zaidi ni wanufaika. Wakfu ya msikiti, kisima au madrasa haina utata. Wakfu ya kizazi, yaani ya watoto na wajukuu, iliwahi kutikiswa: mwaka 1894, katika kesi iliyotoka India, majaji wa rufaa wa dola ya Kiingereza huko London waliibatilisha wakfu ya jamaa kwa hoja kwamba fungu la maskini lilikuwa mbali mno, na hoja hiyo ikafika hadi mahakama za Afrika Mashariki. Binafsi naona walipima kwa mizani isiyo yake, maana katika Uislamu kumlisha jamaa ni sadaka. Nchini Kenya, Sheria ya Makamishna wa Wakfu ya mwaka 1951 iliikubali wakfu ya jamaa, mradi mwisho wake uwe kwa maskini au jambo la kheri lisilokoma. Basi usiishie kwenye "wanangu na vizazi vyao". Ongeza "na kizazi kikikatika, faida iende kwa msikiti fulani", ukiutaja kwa jina na mtaa wake.

Mteue msimamizi, na utaje atakayemfuata, kwa kuwa wakfu huishi kuliko mtu. Eleza pia kwamba matengenezo yatangulie mgao: dari ya boriti isiyokarabatiwa huanguka, na faida yote huangukia humo. Hati itiwe sahihi mbele ya mashahidi, iandikishwe kwa Tume ya Wakfu iliyoko Mombasa, na nakala moja akabidhiwe msimamizi mkono kwa mkono, isibaki sandukuni mwako.