Kabla Hujawasha Mashine: Kuchomelea Bodi ya Gari Nyumbani

Kuchomelea bati la gari hakumshindi mtu aliyezoeza mkono wake. Kinachoponza wengi ni kuwasha mashine kabla hawajajua nyuma ya bati kuna nini. Ndiyo maana nakusihi nusu siku ya kwanza usiiguse mashine kabisa. Shika bisibisi, tochi na sumaku.

Anza na sehemu iliyoliwa na kutu. Geuza bisibisi ugonge bati taratibu kwa mpini, ukitoka sehemu nzima kuelekea kwenye kutu. Bati zima hulia kwa sauti kali inayorudi. Lililoliwa sauti yake hufa, na rangi huanza kubanduka kama magamba. Hapo geuza tena bisibisi uchokonoe kwa ncha. Ikipenya, sogea pembeni uchokonoe tena, mpaka ikatae. Tundu lililoonekana kama kifungo cha shati huishia kuwa kubwa kama kiganja, na hicho kiganja ndicho kipimo cha kiraka chako. Usikipunguze kwa huruma. Bati lililoliwa halichomeleki: moto ukiligusa tu linayeyuka, nawe utashinda ukifukuza matundu mapya.

Sumaku itakuambia mawili. Isiposhika kabisa, huenda boneti au mlango ni wa aluminiamu, na hiyo ina waya wake, gesi yake na fundi wake. Ikishika kwa ulegevu mahali fulani, chini ya rangi kuna filla nene, ule uji wa kuzibia mabonde unaokauka ukawa mgumu, iliyoficha kazi ya mtu mwingine. Angalia pia kama kipande kimefungwa kwa bolti. Fenda za mbele za magari mengi hufunguliwa kwa spana, na fenda iliyokunjika vibaya ni bora uibadilishe kuliko kuishona.

Kuna sehemu ambazo mtu wa nyumbani aziache. Nguzo za milango na mihimili inayobeba gari, hasa kwenye magari ya miaka ya karibuni, zimetengenezwa kwa chuma maalumu chenye nguvu kubwa, na joto la kuchomelea huipunguza nguvu hiyo. Kiraka kitapendeza, rangi itang'aa, kisha siku ya ajali nguzo ikunjike mahali ambapo haikutakiwa kukunjika. Kazi hiyo mpelekee fundi mwenye maelekezo ya mtengenezaji. Hata ule ukingo wa chini ya milango, usiukate kabla gari halijakaa sawasawa kwenye stendi na uwazi wa mlango kushikiliwa kwa kipande cha chuma. Ukikata gari likiwa limening'inia kwenye jeki, bodi inaweza kulegea na mlango usifunge tena.

Sasa mashine. Bati la bodi lina unene wa milimita 0.7 hadi 1 hivi. Mashine ya rodi hulitoboa haraka, na moto wa asetilini hulipasha eneo pana mpaka bati linajipinda. Inayofaa ni MIG, mashine inayosukuma waya yenyewe huku ikipuliza gesi ya kukinga chuma kinachoyeyuka, yenye waya wa milimita 0.6 na gesi mchanganyiko ya argoni na kaboni dayoksaidi. Gesi hiyo hupeperushwa hata na upepo mdogo, kwa hiyo tafuta mahali palipokingwa lakini penye hewa. Waya wa ekstensheni uwe mnene, na uukunjue wote. Ukibaki umeviringwa hupata moto wenyewe.

Betri ifungue, uanze na tamino hasi. Klempu ya ethi, kile kibanio kinachorudisha umeme kwenye mashine, ibane kwenye chuma kilichosafishwa, karibu kabisa na unapochomelea. Ukiibana mbali, umeme utajitafutia njia yake, na njia hiyo inaweza kuwa beringi au kifaa cha umeme usichokiwazia.

Moto ndio unaonitia hofu kuliko yote. Nyuma ya bati kuna nyaya, sponji, lami ya kuzuia kelele, nta ya kuzuia kutu, bomba la mafuta, bomba la breki. Vyote vinavyotoka vitoe, usivisukume tu pembeni. Mimi niliwahi kuchomelea sakafu nikiamini nimekunja kapeti vya kutosha. Dakika 10 baada ya kuzima mashine nikasikia harufu ya nguo inayoungua, nikafunua nikakuta mstari mwekundu unatambaa taratibu kwenye pamba ya chini, bila mwali. Tangu siku hiyo kapeti hutoka nje ya gari, na baada ya kazi sibanduki kwa saa nzima. Kuwe na kizima moto, ndoo ya maji, na mtu wa pili anayeangalia upande usiouona. Pakiwa karibu na tangi la mafuta, tangi lishushwe na kuwekwa mbali. Mikanda ya usalama yenye kujikaza na mifuko ya hewa ina baruti ndani, kwa hiyo joto lisiifikie.

Rangi na zinki zikwangue mpaka chuma king'ae, sentimita kadhaa kila upande. Moshi wa zinki huleta homa na baridi saa chache baadaye. Na tafadhali sana, usisafishe bati kwa dawa ya kusafishia breki yenye klorini. Mwanga na joto la kuchomelea huigeuza kuwa fosijeni, gesi inayoua. Mabomba ya gesi ya kiyoyozi nayo kaa nayo mbali.

Vaa pamba nene au ngozi, si nailoni. Kofia ya kuchomelea haina mbadala. Miwani ya jua si kitu. Macho yakipigwa na mwanga ule hayaumi palepale, huuma usiku, kana kwamba yamejaa mchanga. Vioo vya gari vifunike kwa kitambaa kizito, maana cheche za grainda hujichimbia ndani yake na hazitoki.

Kiraka kichore kwanza kwenye kadibodi, pembe zake uzifanye mviringo, kisha ukate bati la unene uleule. Nunua mapema praima, sili ya maungio na nta ya kupuliza ndani, kwa sababu upande wa nyuma wa kiraka huanza kushika kutu mara tu kinapopoa.

Mwisho, chukua vipande viwili vizima, visivyoliwa na kutu, vya bati lile ulilokata kwenye gari, uviunge kwa nukta. Piga nukta moja, ruka mbali, piga nyingine, subiri mpaka kiganja kiweze kutulia juu yake. Geuza upande wa pili. Ukiona alama ya joto tu, chuma hakijashikana. Ukiona tundu, umeme umezidi. Kila nukta ikitokeza kifundo kidogo upande ule, na kipande kikapinda kwenye jiliwa bila kuachia, sogeza mashine karibu na gari.