Mgeni wa viza ya matembezi na nguruwe mwitu wa Texas

Mgeni amefika Houston kutoka Nairobi au Dar kwa viza ya B-2, na Jumamosi mmealikwa shambani kuwinda nguruwe mwitu. Mwenye shamba atawaambia leseni haihitajiki. Kwa sheria ya jimbo anasema kweli: tangu tarehe 1 Septemba 2019, nguruwe mwitu huwindwa bila leseni kwenye ardhi ya mtu binafsi, mradi mwenyewe ameridhia. Hapo ndipo watu wetu wanaponaswa.

Sheria ya shirikisho inamkataza aliyeingia Marekani kwa viza ya muda kumiliki au kushika bunduki na risasi. Kinachomwokoa mwindaji ni leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Yaani leseni ile ile ambayo Texas haimdai ndiyo inayomkinga na jela. Tangu 2022 adhabu yaweza kufika miaka 15, na uhamiaji nao wana lao. Wewe uliyempa bunduki huku ukijua hali yake una kesi yako, na kadi ya kijani (ya ukazi wa kudumu) si ngao: kosa la silaha laweza kukurudisha nyumbani.

Narudia: kushika, si kufyatua. Kwenye darasa la mafunzo ya uwindaji hufundishwa kwamba wawili mkifika kwenye seng'enge, mmoja ashike bunduki zote mwenzake avuke, kisha wapokezane. Kwa usalama ni fundisho zuri, ila mgeni asiye na leseni akiipokea kwa nusu dakika ameshashika. Basi toa risasi zote, acha chemba wazi, ipitishe chini ya waya uilaze upande wa pili, mtutu ukielekea mbali nanyi, vuka, iokote mwenyewe. Boksi la risasi asibebeshwe. Jaketi unalomwazima likague mifuko kwanza, kwani hata risasi moja ni risasi.

Na wewe shemeji uliye mgeni, twajua unataka picha ya kutuma kwenye grupu la familia. Picha umekumbatia bunduki ni ushahidi unaojitengenezea mwenyewe. Piga ukiwa na darubini. Wala usituambie una kibali cha silaha nyumbani. Hapa hakina uzito wowote.

Mgeni akitaka kupiga, mkatieni leseni kabla. Ile ya siku 5 kwa wasio wakazi ni dola 48; inamtosha kwa nguruwe, haimruhusu paa. Siku zikiisha, kinga nayo imeisha. Aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1971 au baadaye anadaiwa mafunzo ya uwindaji. Mwenye miaka 17 na zaidi aweza kuyaahirisha kwa dola 10, akiwinda pamoja na mwenye leseni. Aliyepitisha muda wa kukaa hasaidiwi na leseni yoyote, kwa hiyo tazameni tarehe ya I-94 (rekodi ya kuingia Marekani inayoonyesha mwisho wa kukaa), si ya muhuri wa viza. Wanafunzi wa F-1 na wafanyakazi wa H-1B, hili linawahusu nanyi pia.

Watu wa Texas ni wakarimu kweli. Mwenye shamba atamkabidhi mgeni bunduki kama sisi tunavyomkaribisha chai, bila nia mbaya, maana sheria ya uhamiaji haijawahi kumgusa. Kwa hiyo mwambieni mapema, kwa simu: huyu hashiki. Kusema hivyo si utovu wa adabu.

Porini mgeni atembee nyuma ya mpigaji, asimtangulie hata hatua moja. Mvalisheni kizibao cha rangi ya chungwa hata kwenye shamba binafsi. Mkimchuna nguruwe vaeni glavu, kwani hubeba brusela, ule ugonjwa wa kutupa mimba tunaoujua kwa ng'ombe.

Mkirudi, mgeni asiachwe peke yake kwenye pikapu yenye bunduki na ufunguo mkononi. Ukishuka kununua maji, bunduki iwe ndani ya kasha lililofungwa, na ufunguo wa kasha uwe mfukoni mwako.