Viazi vikuu uani kwako, kwa sisi wa Mtwara na Lindi

Kila Ramadhani ikikaribia utasikia watu wanaulizana viazi vikuu vinapatikana wapi na bei imepanda kiasi gani, na wakati huohuo nyuma ya nyumba kuna kauwanja kamekaa bure kanafagiliwa tu kila asubuhi. Jamani, kiazi kikuu hakitaki shamba. Kinaenda chini na kinapanda juu, kwahiyo hata ua mdogo wa Chikongola au Mikindani au kule Mitwero Lindi unakubali mashimo manne matano, na mashimo hayo ukiyaandaa vizuri familia inakula mpaka inagawia majirani. Kazi kubwa iko kwenye vitu viwili tu, mbegu na shimo, ndio maana hapa nitaongea sana kuhusu hivyo na mengine nitapita haraka.

Kwanza msimu. Huku kwetu tuna mvua moja, inaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na inaishia Aprili, ikichelewa sana Mei. Kiazi kikuu kinakaa ardhini miezi 8 hadi 10, kwahiyo hesabu iko wazi, kinatakiwa kiwe ardhini mvua za mwanzo zikianza kukaza, sio unakumbuka Februari watu wameshapalilia mara mbili. Anayepanda Februari anapata kiazi kidogo kwasababu kiazi chenyewe kinaanza kunenepa baada ya kama miezi mitatu ya majani, na miezi mitatu toka Februari mvua imeshakata. Mashimo chimba Oktoba ukiwa na nafasi, yakae wazi yapigwe jua.

Sasa mbegu. Kiazi kikuu hakipandwi kwa mbegu za kusia wala kwa kukata marando kama viazi vitamu, kinapandwa kipande cha kiazi chenyewe. Nenda sokoni au kwa mtu anayelima, chagua kiazi kizima kisicholainika wala kuwa na mabaka meusi, ngozi isiwe na vinundu vingi vya ajabu ajabu maana hivyo mara nyingi ni minyoo ya udongo na utaileta kwako. Kishike uangalie, upande mmoja kuna kovu pale shina lilipokuwa limeshikia, hapo ndio kichwani. Upande wa pili ni mkiani. Kichwa ndio mali, kinachipua mapema kuliko sehemu nyingine yoyote na mche wake unatoka na nguvu, katikati na mkiani kunachelewa wiki kadhaa na vipande vingine vinaoza kabla havijatoa kitu. Kwahiyo ukinunua kiazi cha kula usikate kichwa ukatupa, kata kichwa na nyama yake ya kutosha, gramu 200 hadi 300 hivi, yani kipande cha kujaa kiganja, hicho weka pembeni kwa kupanda na kinachobaki pika.

Ukikata vipande vya katikati hakikisha kila kipande kina ngozi ya kutosha, kwasababu macho ya kiazi kikuu hayaonekani kama ya kiazi mviringo, chipukizi linatoka popote chini ya ngozi, kipande cha nyama tupu hakioti. Tumia kisu kikali na kisafi. Baada ya kukata pakaza majivu makavu ya jikoni pale kwenye jeraha, alafu vitandaze kivulini penye hewa siku moja au mbili mpaka jeraha likauke, usivipange juu ya vingine na usivianike juani. Hii hatua watu wanairuka sana, kipande kibichi kikiingia kwenye udongo wenye maji kinaoza chote. Na mikono jipake mafuta kidogo kabla ya kukata, utomvu wake unawasha.

Shimo chimba kama sentimita 60 kwenda chini na 60 upana, na kutoka shimo hadi shimo acha mita moja. Udongo wa juu ule mweusi weka upande mmoja na wa chini weka upande mwingine, usichanganye. Kwa sisi wa pwani tunaoishi juu ya mchanga tatizo ni maji kukimbia, hivyo chini kabisa ya shimo panga makumbi ya nazi upande wa ndani uangalie juu, yanashika unyevu vizuri sana na huku makumbi hayauzwi, yamejaa kila nyumba. Juu yake changanya ule udongo mweusi na samadi iliyooza kweli, debe moja kwa shimo linatosha, samadi ya mbuzi au ng'ombe au kuku yoyote ilimradi haina joto tena. Ukiona bado inatoa mvuke au harufu kali iache kwanza. Jaza mpaka udongo upande juu utengeneze tuta la kama futi moja kutoka usawa wa ardhi. Wale wa Nachingwea na sehemu zenye udongo mwekundu unaokaza, nyie makumbi msiweke, maji yatatuama, nyie kazi yenu ni kuulegeza udongo na kuinua tuta juu zaidi, kiazi kikikutana na udongo mgumu kinapinda na kugawanyika vidole vidole alafu kuchimba inakuwa adhabu.

Mvua ikishalowesha udongo chini vizuri, fukia kipande kwenye tuta kina cha sentimita 10 hadi 15, upande wa ngozi uangalie juu. Juu ya tuta funika majani makavu, majani ya mkorosho yanafaa, nyasi zinafaa, ila karibu kabisa na pale mche utakapotokea acha uwazi kidogo ili mchwa wasiufikie mche. Matandazo haya usiyadharau, Januari au Februari mvua huwa inasimama wiki mbili hata zaidi na jua linawaka, tuta tupu linakauka mpaka ndani. Mche unachukua wiki mbili mpaka sita kutokeza, kwahiyo usianze kufukuafukua kuangalia kama kimeoza, utavunja chipukizi.

Mche ukifika urefu wa goti uwe umeshasimamisha mti wake. Kiazi kikuu ni mmea wa kupanda, ukiuacha utambae chini majani yanajifunika yenyewe kwa yenyewe, yanapata ugonjwa na kiazi kinakuwa kidogo. Simika mianzi au mti wa mita mbili na nusu au tatu, chimbia chini sana, kwasababu Aprili upepo wa kusi ukianza majani yanakuwa mengi na mazito na mti dhaifu unang'oka pamoja na tuta. Mikoko msikate jamani, ni misitu ya hifadhi na ndio inayotulindia pwani. Njia nzuri zaidi kwangu mimi ni mlonge, panda vipande vya mlonge mwaka mmoja kabla, majani yake mepesi hayazibi jua na unachuma mboga hapohapo, matawi yakizidi unapunguza. Mwembe mkubwa kivuli chake ni kizito mno. Mkorosho ndio kabisa usiuguse, kamba za kiazi zitafunika matawi, na wakati unachimba kiazi mwezi wa saba ndio wakati mkorosho unatoa maua, unaikata mizizi yake kipindi kibaya kuliko vyote.

Palizi ni miezi mitatu ya mwanzo, baada ya hapo majani yanajitengenezea kivuli yenyewe. Palilia kwa mkono au kijembe kidogo juu juu, mizizi ya kiazi kikuu imekaa karibu na juu. Udongo ukimomonyoka na mvua rudishia tuta, kiazi kisichungulie nje. Majivu ya jikoni mwaga kidogo kuzunguka tuta mwezi wa pili, mazao ya mizizi yanapenda sana.

Ugonjwa wa kuangalia ni ule wa madoa meusi kwenye majani, yanaanza madogo alafu yanaungana na mwisho kamba nzima inakuwa nyeusi inakauka kuanzia nchani, hasa mvua zikiwa nyingi mfululizo. Ni ukungu. Toa majani yaliyoathirika uyachome, usiyaache kwenye tuta, na kiazi cha shina hilo kula lakini usikifanye mbegu. Mwaka unaofuata hamisha mashimo, palepale panda karanga au mbaazi. Na sehemu iliyokuwa na bamia au nyanya usiikimbilie, ile minyoo ya udongo inazipenda hizo mboga na itakuwa inakusubiri.

Kuna watu wanauliza kuhusu ming'oko, kama nayo inalimika hivihivi. Ni ndugu na kiazi kikuu kweli, ukoo mmoja, ila ming'oko ya huku tunayouziwa imechemshwa imefungwa kwenye vifuko inachimbwa porini, na mtu ukitaka chakula cha uhakika nyumbani anza na kiazi kikuu. Na kuhusu porini, angalizo moja zito. Usichimbe kiazi cha porini ukapanda au kupika kwa kubahatisha. Kiazi kikuu shina lake lina pembe nne, ukilipitisha kati ya vidole unasikia mbavu zake kama mabawa madogo, halina miiba ya kuchoma, na kila kikonyo kina jani moja tu lenye umbo la moyo. Ukikuta kile chenye majani matatu kwenye kikonyo kimoja kiache, ni familia ya ndiga, kina sumu, na wazee waliokula wakati wa njaa walikuwa wanakikata vipande na kukiloweka siku nyingi huku wanabadilisha maji, sio chakula cha kujaribu.

Kuvuna ni pale majani yanageuka njano na kamba inakauka, huku kwetu Julai mpaka Agosti. Usivute kamba. Anza kuchimba pembeni, mbali kidogo na tuta, alafu sogea taratibu kwa mkono, jembe likikichana kiazi hakikai. Shimo zuri linatoa kilo tatu mpaka tano bila shida na kuna viazi vinazidi hapo sana. Kilichojeruhiwa kipike kwanza wiki hiyohiyo, chukuchuku na chai, au kwa tui la nazi na samaki wa kukaanga pembeni, ila kiive kabisa, kikiwa kibichi kinawasha koo.

Vilivyo vizima vipanguse udongo bila kuviosha, vikae siku nne tano mahali pa joto penye kivuli vikaze ngozi, alafu vipange kwenye kichanja jikoni au stoo yenye hewa, kimoja kimoja bila kulundika. Friji hapana, baridi ya friji inakiharibu ndani kinageuka rangi. Kiazi kikuu kina usingizi wake wa miezi miwili mpaka minne, hivyo kilichovunwa Agosti kitakaa bila kuchipua mpaka Oktoba au hata Desemba, na vya kula ukiona chipukizi livunje kwa mkono kitaendelea kukaa. Vya mbegu chipukizi liache. Chagua mapema viazi vya ukubwa wa wastani vilivyotoka kwenye mashina yaliyokuwa na afya, viweke alama au kapu lake kabisa kabla watu wa nyumbani hawajavimaliza, na kama aina yako inatoa vile vidogo vinavyoning'inia kwenye kamba juu navyo viokote, vinaota vizuri ila mwaka wa kwanza vinatoa kiazi kidogo, kwahiyo uvipande pembeni kwenye fensi.