DELF, DALF, TCF au TEF: unachaguaje na unajiandaaje

Kabla hujalipia mtihani wowote wa Kifaransa jiulize kwanza hicho cheti unakipeleka wapi, maana wengi wanafanya tu ule aliofanya rafiki alafu wakifika mbele wanaambiwa huu hatuupokei. Uhamiaji wa serikali kuu ya Kanada ni TCF Canada au TEF Canada (Quebec ina utaratibu wake), DELF hapo haikusaidii hata kama ulipata alama za juu. Kama ni chuo Ufaransa, mara nyingi wanataka B2 (levo ya nne kati ya sita za lugha, A1, A2, B1, B2, C1, C2), ingia saiti ya chuo chenyewe usome.

DELF na DALF ni diploma za wizara ya elimu ya Ufaransa na haziekspaya, ila unachagua levo moja, unafaulu au unafeli. DELF ni A1 mpaka B2, DALF ni C1 na C2, na hulazimiki kuanzia chini. TCF na TEF hazina kufeli, zinakuonyesha tu uko levo gani, lakini matokeo yanadumu miaka 2 kwahiyo usiwahi sana kufanya.

Sasa DELF ndo inaumiza watu. Ina sehemu 4, kusikiliza, kusoma, kuandika na kuongea, kila moja alama 25, unatakiwa 50 kwa 100 LAKINI ukipata chini ya 5 kwenye sehemu yoyote umefeli mtihani mzima hata kama jumla ni 70. Yani usijifiche kwenye kile unachokiweza, muda mwingi peleka pale unapoogopa, na kwa wengi ni kusikiliza. France Éducation international, ndo wanaosimamia, wameweka mitihani ya mfano bure kwenye saiti yao, ifanye kwa saa kabisa na usirudishe rudishe rekodi.

Kwa B2 kuongea unapewa makala fupi na dakika 30 za kujiandaa, na hapa nasisitiza, usisimulie ile makala, toa msimamo wako na uutetee, anayekuhoji atakupinga makusudi na ndo kazi yake. Kuandika ni maneno 250 kwa saa 1, zoea kuandika hivyo mpaka ujue kwa macho 250 inafika wapi.

Jina la kujisajili liwe kama lilivyo kwenye pasipoti. Na kama una dedilaini ya chuo, fanya mapema, diploma yenyewe inachukua miezi kutoka, katikati hapo utatumia ile hati ya kufaulu wanayotoa kwanza.