Kutega vipepeo kwa ndizi pembeni mwa misonobari

Ukitundika mtego katikati ya misonobari au misaiprasi ya kupandwa, jioni utakuta nzi tu. Misaiprasi na misonobari mingi ya hapa asili yake ni Mexico, na viwavi wa vipepeo wetu wakubwa hawali majani yake. Kivuli nacho huzuia vichaka kuota chini.

Upande wa Nakuru, tafuta ukingo wa Msitu wa Mau ambapo shamba la misonobari linapakana na miti ya asili, hasa penye tebeswet (Croton macrostachyus). Viwavi wa Charaxes candiope hula majani ya jamii hii ya miti. Kipepeo mwenyewe ana mishipa ya kijani kwenye mabawa, naye huvutwa na matunda yaliyochacha, utomvu na kinyesi kuliko maua. Omba ruhusa kwanza kwenye ofisi ya msitu.

Chambo: ponda ndizi kumi zilizoiva sana, changanya na kipande cha sukari nguru kama ngumi, uache siku tatu ndani ya ndoo. Funika kwa kitambaa, maana kifuniko kikikazwa gesi hukifyatua. Ikinuka pombe, iko tayari.

Usitumie chandarua cha zahanati: kimetiwa dawa, kitawaua. Nunua neti ya kushonea shela za maharusi. Shona mfuko wa mviringo, urefu sm 90, upana sm 30, wenye pete ya waya juu na chini. Ziba juu, chini acha wazi, na ubavuni acha mpasuo wa kupitisha mkono, uubane kwa vibanio vya nguo. Ning'iniza ubao sm 4 chini ya mdomo, na juu yake sahani ya chambo. Kipepeo akishiba hupaa juu kufuata mwanga, ndiyo maana hanaswi na mlango bali na tabia yake. Pengo likizidi, hutokea pembeni.

Tundika mita moja na nusu kutoka ardhini, mbali na matawi, na paka kamba grisi. Sisimizi wakifika humla kipepeo akiwa hai. Kagua saa sita na saa kumi, kabla mvua haijashuka, kwani neti iliyolowa hunata mabawa. Mshike kifuani, mabawa yakiwa yamekunjwa, mtie nukta ya kalamu chini ya bawa usije ukamhesabu mara mbili, kisha mwachie. Usiku ondoa chambo.